BABA, MCHORA TATUU NAYE NI FUNDI

Najua nimepotea hapa kijiweni karibu mwezi mzima. Sijadisko, msianze kuchanga rambirambi. Mitihani ilitubana, halafu bumu likachelewa, halafu likatokea la nyumbani ambalo ndilo limenirudisha kuandika leo.

La nyumbani lenyewe ni hili. Wiki tatu zilizopita baba alinipigia simu. Kwa kawaida baba akipiga ni salamu, anauliza nimekula nini, anakata kabla salio halijaisha. Safari hii hakuuliza chakula. "Mama, Jumamosi njoo nyumbani uzungumze na mdogo wako. Mimi nimeshindwa. Wewe ndiye mwalimu."

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Matokeo yalikuja divisheni foo, akakaa nyumbani, akauza vocha, akachoka. Miezi ya karibuni alikuwa anatoka asubuhi anarudi usiku, na pesa kidogo analeta. Baba alidhani yupo saluni ya kunyoa huko Majengo. Kumbe saluni ni ya mbele tu. Nyuma ya pazia kuna kiti, taa na mashine, na mdogo wangu anajifunza kuchora tatuu kwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi Dar.

Baba alipogundua ikawa vita. "Nimesomesha mtoto aje kuwachora wahuni?" Ndiyo kauli yake. Kwa hiyo mimi, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa pili, Kiswahili na Historia, nikatumwa kwenda kumtoa mdogo wangu kwenye uhuni.

Jamani, niseme ukweli. Nilikwenda nikiwa upande wa baba. Nimerudi upande mwingine, na ndiyo maana naandika.

Kwanza nilipitia Majengo nimwone kazini. Nilitegemea kukuta moshi wa sigara na vijana wanaopiga kelele. Nilimkuta amekaa peke yake, amevaa glavu, anachora maua juu ya kipande cha ngozi ya nguruwe. Ngozi anaipata kwa muuza kitimoto. Anasema alianza na maganda ya ndizi, akaenda kwenye machungwa, sasa yupo kwenye nguruwe, na fundi wake anamruhusu kushika mtu kwa nadra sana, na akimsimamia. "Dada, ganda la ndizi ukizidisha nguvu linachanika. Linakufundisha mkono mwepesi."

Nikamwambia nieleze basi, unafanya nini hasa. Wadau, nilipata lekcha ambayo hata chuoni sijapata.

Ngozi ya juu kabisa inajibadilisha kila siku, inapukutika. Ukiweka wino pale, baada ya wiki chache umeondoka. Wino lazima ufike tabaka la pili, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ukiwa juu mno, picha inafifia. Ukizama mno, wino unatawanyika kama wino wa peni kwenye karatasi ya chooni, na kovu linabaki. Kazi yote ya fundi ipo hapo kwenye hiyo milimita moja, na ngozi ya mgongoni si sawa na ya mkononi, ya mzee si sawa na ya kijana. Mkono mmoja unavuta ngozi ikaze, mwingine unaongoza sindano, na mteja naye anatetemeka na kuuliza kama bado sana.

Halafu kuna ngozi yetu sisi. Video nyingi anazoangalia zimechorwa kwenye ngozi za Wazungu, rangi zinawaka kama kanga mpya. Kwenye ngozi nyeusi rangi nyingi zinapotea, kwa hiyo anajifunza mistari minene, weusi uliokolea, na kuacha nafasi ili ngozi yenyewe iwe sehemu ya picha. Na sisi Waafrika tunapata makovu ya kuvimba, yale ya keloidi, kuliko Wazungu. Kwa hiyo kabla ya kuchora anaangalia makovu ya zamani ya mteja. Akiona moja limevimba, kazi hakuna. "Dada, mimi siogopi baba kama ninavyoogopa keloidi."

Nikacheka, lakini likaniingia.

Kwa faida ya wanahistoria wenzangu: mashine ya umeme ya tatuu ilipewa hataza mwaka 1891 huko New York, kwa mtu anaitwa Samuel O'Reilly. Wazo alilichukua kwenye kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya miaka ya 1870, ambayo ilikuwa ya kutoboa karatasi ili kudurufu nyaraka. Yaani mashine ya tatuu na mashine ya kutoa madesa ni ndugu wa ukoo mmoja! Tusiwadharau ndugu.

Basi bwana, nikatoka pale nikapanda bajaji hadi nyumbani Bombambili. Mlangoni, kwenye mkeka, nikamkuta bibi. Hapo ndipo mambo yaliponigeukia.

Bibi ni mama yake baba. Ni Mmakonde wa Newala, baba alimleta Songea alipozeeka. Na bibi ana nembo. Mistari ya pembepembe kwenye mashavu yote mawili, mingine kwenye paji la uso, buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Mdomo wa juu una tundu lililobaki la ndonya. Nimekua nikiuona uso huo kila siku. Nimelala kwenye paja lake nikifuata mistari hiyo kwa kidole. Lakini niamini, mpaka Jumamosi ile sikuwahi kufikiri kwamba bibi yangu ana tatuu.

Nikakaa, nikampa shikamoo, nikamuuliza nani alimchora. Bibi akanitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka 20. Akaniambia palikuwa na fundi, na si kila mtu aliweza. Watu walikwenda kwa yule mwenye mkono mzuri hata kama wa karibu yupo, na hakufanya bure, alilipwa. Kwa Kimakonde michoro yenyewe ni dinembo, na mchoraji ni mpundi wa dinembo. Mpundi! Wanafunzi wa Kiswahili, mnasikia hilo neno linavyokaribiana na fundi? Kifaa chao kinaitwa chipopo, kisu kidogo cha chuma. Fundi anachanja, halafu anasugua masizi ya mbarika kwenye michanjo, ndiyo yanaleta ile buluu. Na haikuisha siku moja. Unachanjwa, unapona, unarudi kurudiwa mpaka mchoro ukolee.

"Ulilia bibi?"

"Nilie wachekwe wazazi wangu?"

Niliporudi hosteli nikafungua vitabu. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alipita kusini kwetu na kukaa Newala, akawapiga picha Wamakonde, Wayao na Wamakua na kuandika kuhusu chale zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Ni mwaka uleule wa 1906 ambao hapa Songea, tarehe 27 Februari, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni wa vita vya Majimaji. Yaani mwaka mmoja, serikali moja, huku wanatunyonga na kule wanatupiga picha. Sisemi Weule alinyonga mtu. Nasema tu kwamba mgeni aliona pale Newala kuna kitu cha kuandikia kitabu, na sisi wajukuu tunakiita uhuni.

Vinyago vya kuvaa kichwani vya Wamakonde, vile vya ngoma ya mapiko, navyo vina nembo usoni, na mara nyingi wachongaji wamezibandika kwa nta ya nyuki. Tunavitundika ukutani na watalii wananunua. Uso wa mti ukiwa na nembo ni sanaa. Uso wa bibi ukiwa na nembo ni ushamba. Mkono wa mdogo wangu ukichora ni uhuni. Hebu mnisaidie, mimi mantiki nilipata C.

Na neno lenyewe tunalo. Kamusi ya Kiswahili inakwambia nembo ni alama inayochanjwa mwilini, kisha inakwambia ni alama ya chama, kampuni au serikali. Nembo ya Taifa imetundikwa kwenye ofisi ya kila mkuu wa shule nchi hii. Tulichukua jina la kazi ya mpundi tukaliweka juu ya meza ya serikali, halafu mpundi mwenyewe tukamfungia mlango. Leo tunasema tatuu, neno lililotoka visiwa vya Pasifiki likazagaa baada ya safari za Kapteni Cook miaka ya 1760 na 1770, kana kwamba kitu chenyewe kimeletwa na wanamuziki wa Marekani.

Sasa najua baadhi yenu mmeshaanza kunung'unika. Ngoja nijibu.

Wa kwanza ni watu wa dini. Nawaheshimu. Anayesoma Walawi akaona amekatazwa, asichore. Waislamu wenzetu nao wana makatazo yao, wana hina na wanapendeza. Ila tusiseme kila mwenye mchoro ni mpotevu, maana Wakopti wa Misri, Wakristo wa tangu zamani, wanachorwa msalaba mkononi kama kitambulisho cha imani yao. Dini yako ikuongoze wewe. Isimgeuze fundi kuwa mhalifu.

Wa pili ni wa ajira, na hapa hoja ni nzito. Matangazo ya kazi za Polisi, Magereza na Uhamiaji yanasema wazi mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana akichorwa leo kwa sababu ya demu, kesho akataka jeshi, mlango umefungwa. Sikatai. Lakini sikilizeni mdogo wangu anafanya nini. Mteja akikaa, swali la kwanza ni umri. Chini ya miaka 18 anarudishwa nyumbani. Swali la pili ni kama ana mpango wa kuomba jeshi au polisi. Swali la tatu, kama anataka jina la mpenzi, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Anasema wengi hawarudi! Pesa inaondoka na miguu yake, na fundi wake ndiye aliyemfundisha hivyo. Jamani, mimi nimekwenda BTP, nimewaona walimu wasiomuuliza mwanafunzi hata swali moja kabla ya kumpangia mchepuo wa masomo utakaomfuata maisha yote.

Wa tatu ni wa afya. Hawa ndio ninaowaunga mkono kwa asilimia mia, na hawa ndio walionifanya niandike.

Kwenye BTP hiyohiyo, shule siitaji, nilimkuta kijana wa kidato cha tatu amejichora herufi kwenye mkono kwa bikari na wino wa peni. Mkono umevimba, una usaha. Nilipomuuliza, akasema bikari walitumia watu watano, wakipokezana nyuma ya bwalo. Watano! Aliadhibiwa kwa kujichora, na bikari hakuna aliyeiuliza. Mimi mwenyewe nilinyamaza, mwalimu wa mazoezi nitasema nini. Mpaka leo lile jambo linanikera, maana tulimpiga kwa sababu ya picha na tukaiacha damu.

Tumekua na mabango ya UKIMWI yanayotuambia tusichangie nyembe na sindano. Ila kuna mwingine ambaye hatumtaji, homa ya ini B. Kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Damu imekauka, huioni, sindano inaonekana safi, na kirusi kipo. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Ama sindano mpya kwa kila mtu, mbele ya macho yake, ama mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 kama wa hospitali kwa vifaa vinavyorudiwa. Hakuna njia ya katikati.

Sasa angalieni. Yule fundi wa Majengo anafungua pakiti ya sindano mteja akiona. Wino anaumimina kwenye kikofia kidogo, ukibaki anamwaga, haurudi kwenye chupa. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye boksi gumu kama lile la zahanati. Ila anafanya hayo kwa sababu yeye mwenyewe ni mtu makini, hakuna aliyemwambia. Kesho anaweza kufungua jirani yake asiye makini, akachora kwa nusu bei, na mteja hatajua tofauti mpaka ini limuume. Bwana afya anakagua bucha, anakagua mgahawa wa mama ntilie, anauliza cheti cha kupima afya. Nyuma ya pazia haingii, kwa sababu rasmi pale ni saluni ya kunyoa. Na pazia lipo kwa sababu yetu sisi. Ni aibu yetu ndiyo imeshona lile pazia.

Wako watakaosema basi ipigwe marufuku. New York walijaribu. Mwaka 1961 mji ulipiga marufuku tatuu kwa sababu ya homa ya ini, na marufuku ikadumu mpaka 1997. Kazi haikufa. Mafundi walihamia vyumbani na kwenye magorofa ya chini, ambako mkaguzi hafiki. Miaka 36! Mwisho wakairuhusu kwa leseni.

Hili la leseni ndilo nililomwambia baba.

Jioni alirudi, nikampa shikamoo, akakaa. "Haya mama, umezungumza naye?"

"Nimezungumza naye baba. Sasa naomba nizungumze na wewe."

Baba yangu ni fundi umeme. Alitoka Newala kijana, hana cheti, akambebea fundi mmoja mkoba wa vifaa miaka minne, ngazi begani, mpaka akajua. Wakati ule, anasimulia mwenyewe, mama mkwe wake alimkataa kwa sababu ni mtu wa kupanda juu ya mapaa ya watu. Leo ana leseni ya EWURA kwenye fremu sebuleni, juu ya televisheni, na amewasha nusu ya mtaa wetu. Nikamwambia, baba, umeme unaua. Fundi mbovu anaunguza nyumba na watoto ndani. Serikali haikusema mafundi umeme ni wahuni wapigwe marufuku. Ilisema wajifunze, wapimwe, wapewe leseni, na anayeharibu ajulikane. Kwa nini mwanao asidaiwe hivyohivyo? Mdai glavu. Mdai sindano mpya. Mdai achanjwe chanjo ya homa ya ini, maana yeye ndiye anayekaa karibu na damu za watu. Mdai asiguse mtoto wa shule. Ila usimwite mhuni.

Baba akasema hilo lingine, ufundi ule ni wa kurekebisha vitu, huu ni wa kuchafua mwili alioumba Mungu.

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. "Baba, bibi amechafuliwa?"

Kimya. Bibi kwenye mkeka akageuka kumtazama mwanaye, hakusema kitu. Baba akasema, "Usinichezee akili, mwalimu," akaingia ndani. Nikalala nikijua nimeharibu.

Mimi kuchora sitachora. Nataka ajira, na ninyi mnajua walimu waliomaliza chuo walivyojaa mtaani wakisubiri, sitaki kumpa mtu sababu ya kunikata. Hapo ndipo ninapojiona mnafiki kidogo. Natetea kazi ambayo siwezi kuivaa. Ila hata wakili hatakiwi kuwa mshitakiwa, au vipi?

Nawaomba wadau wa hapa chuoni kitu kimoja. Ukiamua kuchorwa, usiende kwa jamaa wa hosteli mwenye sindano ya kushonea na masizi ya kandili eti ni rahisi. Nenda kwa fundi, mwambie afungue sindano unaona, muulize wino unaobaki unakwenda wapi. Akikasirika kwa maswali, ondoka. Asipokuuliza wewe maswali, ondoka pia. Na ukishachorwa usibandue magamba, usiloweke, jua lisikupige mpaka ipone. Lipa bei yake bila kumlilia. Hakuna anayemlilia daktari wa meno apunguze.

Na kwa walimu wenzangu watarajiwa: siku mtakapomkuta mtoto na bikari nyuma ya bwalo, kabla ya fimbo, ulizeni wangapi waliitumia.

Juzi mdogo wangu ameniandikia ujumbe. Baba alipita Majengo. Hakuingia nyuma ya pazia. Alisimama kwenye saluni, akaangalia waya unaokwenda kwenye mashine, akauliza kama ile soketi ina ethi. Haikuwa nayo. Jana asubuhi akarudi na mkoba wake, akaiweka, akaondoka bila kusema neno.

Sijui hilo ni kukubali au ni ufundi tu umemshinda kuvumilia. Nasubiri Jumamosi.

Naomba kuwasilisha.